Mzigo Aliopokea Tekla

Ukiteremka treni Kigwa ukashika njia ya kusini, utapita mashamba ya tumbaku na mabani ya kukaushia, utaingia porini, na pori likianza kukuchosha ndipo utatokea Matongo. Jina hilo halikutungwa na ofisi yoyote. Tongo ni mahali palipohamwa. Enzi za misafara palikuwa kambi: wapagazi waliotoka pwani na waliorudi kutoka Ujiji walitua hapo, wakachota maji bwawani, na walioshindwa kuendelea wakazikwa kando ya njia. Kisha wenyeji wakahama wote kwa mpigo, pori likafunika. Babu zake Tekla waliporudi kulima, kila walipopiga jembe waliibua shanga na vigae, wakavirudisha ardhini bila kusemezana.

Hapo ndipo Tekla alipozaliwa, akabatizwa kwa Wamoravian, akaimba kwaya, akaolewa na Festo mfuga nyuki. Festo alianguka mtini akirina asali, akamwacha na mizinga yake na binti mmoja, Julieth, ambaye alipokua aliolewa hapo hapo kijijini. Tekla hakuwa mtu wa maneno mengi. Alijulikana kwa jambo moja tu: ukimwachia kitu, utakikuta. Waliosafiri kwenda Tabora walimwachia ufunguo, au mbuzi, au mtoto. Jirani mmoja alimwachia debe la karanga akaenda Urambo, akapotelea huko misimu miwili. Aliporudi alizikuta karanga zilezile, zimeanikwa na kuanuliwa kila jua lilipowaka, na panya hakuonja.

Mambo yalianza mwaka ambao kijiji kilikabidhiwa rasmi msitu wake. Wataalamu walikuja, wakapiga rangi miti iliyokomaa, na mininga ya kwanza ikaangushwa kwa utaratibu na kuuzwa. Fedha nyingi kiasi kile haikuwahi kuonekana Matongo. Mkutano mkuu wa kijiji ukaitwa. Mwenyekiti wa kijiji, Renatus, kijana mwenye pikipiki na ulimi laini, alisema kila kaya ipate chake, na watu wakampigia makofi. Tekla akanyoosha mkono.

"Mninga ule hatukuupanda sisi," alisema. "Wala babu zetu hawakuupanda. Tumeukuta. Tukiula wote, mtoto anayezaliwa leo atakula kisiki?"

Wapo waliocheka. Lakini watoto wao walikuwa wakisomea kwenye banda la nyasi, wamekalia matofali, na kila mtu alilijua hilo. Ubishi ukaenda mpaka jua likageuka, na mwisho wakakubaliana kama wanavyokubaliana wafugaji: ng'ombe asichinjwe, yanywewe maziwa. Fedha ya msitu iwekwe amana kwa ajili ya shule, isiguswe na mtu, na kinachozaliwa nayo ndicho kijenge madarasa. Wakachagua wadhamini watatu. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Godbless, mkuu wa shule, aliyetoka Kilimanjaro. Wa pili alikuwa Mzee Abdulnasser, mfanyabiashara wa Tabora mjini, ambaye ukoo wake wa Kiomani uliwahi kuwa na duka Matongo zama za kambi. Wa tatu alikuwa Tekla. Mzee Abdulnasser hakutaka fedha ya riba, akashauri wanunue fremu za maduka sokoni Tabora, na kodi yake ndiyo iwe maziwa. Wakaandikishana kwamba fremu hizo haziuzwi mpaka wadhamini wote watatu waridhie.

Ilikuwa mwezi wa tisa, kabla ya mvua, Tekla alipokwenda kuitazama mizinga ya Festo iliyotundikwa ng'ambo ya mahali palipokatwa miti. Jua lilikuwa utosini. Pori lilikuwa limenyamaza kiasi kwamba aliwasikia mchwa wakitafuna majani makavu chini ya miguu yake. Akavuka visiki vya mninga, vyekundu bado, utomvu umeganda juu yake kama damu ya kidonda. Mbele kidogo akakuta njia. Alilijua pori lile tangu utotoni na hakuwahi kuiona njia pale. Ilikuwa pana, ngumu, imekanyagwa ikang'aa, na haikuwa na unyayo hata mmoja.

Alisimama. Nyuma yake akasikia mtu akihema, kuhema kwa mtu aliyepanda kilima na kitu kizito. Ikaja harufu ya jasho na ya nguo mpya ambayo bado haijafuliwa. Kisha sauti ya mwanamume, ya Kinyamwezi cha zamani kama alichosema bibi yake, ikamwambia taratibu:

"Nipokee."

Kila mtoto wa Unyamwezi hufundishwa mambo mawili. Moja, sauti ikikuita porini mchana usiiitike. La pili, mgeni akifika na mzigo kichwani, mpokee kwanza, maswali baadaye. Siku ile adabu ilitangulia hofu. Tekla alijibu kabla hajafikiri, bila hata kugeuka: "Lete, baba."

Kikashuka kitu kichwani pake. Kilishuka polepole, kwa uangalifu, kama kinachoteremshwa na mikono miwili isiyotaka kumuumiza. Shingo yake ikazama mabegani. Mkono wa kulia ukapanda wenyewe kushikilia, ukashika hewa. Nyuma yake mtu akashusha pumzi ndefu, ya raha, na nyayo nyepesi zikampita kando zikielekea magharibi, ingawa hakumwona mpitaji. Alipothubutu kutazama chini, njia haikuwapo. Palikuwa na majani makavu na mchwa.

Alirudi nyumbani hivyo hivyo, mkono juu, akitembea kwa mwendo wa mtu aliyetwishwa mtungi. Wanawake waliokuwa kisimani walimwuliza amebeba nini, akasema hajui. Wakacheka, kisha wakaona shingo yake, wakaacha.

Alipelekwa hospitali Tabora, akapigwa picha, daktari akasema mifupa ni mizima. Mchungaji alimwombea, na wakati wa kumwekea mikono kichwani aliirudisha haraka, akamalizia sala kwa mbali. Mwalimu Godbless alisema ni pingili za shingo, ugonjwa wa kina mama wanaobeba maji, na akashauri alale bila mto. Tekla aliwashukuru wote. Kilichomsaidia alikigundua mwenyewe, kwa mazoea tu: asubuhi moja alisokota kanga kuukuu akatengeneza ngata, akaiweka utosini kama mtu anayekwenda kisimani. Maumivu yakapungua hapo hapo. Alipoivua jioni, ngata ilikuwa imebanwa ikawa bapa kama chapati.

Tangu hapo alivaa ngata kila siku. Alizoea kukunja magoti kila alipoingia mlangoni, kwa sababu asipofanya hivyo kitu kiligonga boriti ya juu, na ndani wote waliusikia mgongano. Mvua za kwanza ziliponyesha, watu waliokuwa wamejibanza kwenye ukumbi wa duka walimwona akipita uwanjani. Maji yalidondoka pembeni mwake kama yanayotoka kwenye ukingo wa paa, na mabega yake yalibaki makavu. Mwenye duka aliingia ndani akaanza kupanga sabuni zilizokwisha kupangwa.

Hata Mwalimu Godbless aliacha habari ya pingili. Alasiri moja watoto walikuwa mstarini kabla ya kwenda nyumbani, na Tekla akakatiza uwanja wa shule kwenda kwa bintiye. Jua lilikuwa limeinama. Kivuli chake kilianguka mchangani mbele ya watoto, na juu ya kichwa cha kivuli palikuwa na kitu kirefu, kinene katikati, kimefungwa kamba sehemu mbili. Mwanamke mwenyewe hakuwa na kitu ila ngata. Watoto walirudi nyuma hatua kwa hatua, wakimpisha. Mwalimu alipiga kengele kabla ya wakati wake, na kuanzia siku hiyo madirisha ya ofisi yake yaliyotazama uwanja hayakufunguliwa alasiri.

Tekla alikwenda Tabora kumwuliza Mzee Abdulnasser. Alimkuta dukani, katikati ya mapipa ya mbegu na majembe. Mzee alimtazama tangu mlangoni, akasimama kwa heshima kama anayepokea wageni wawili, akasogeza kiti na kumwambia mjukuu wake alete kahawa. Kisha akamsimulia jambo alilosimuliwa na babu yake. Zamani mpagazi mmoja alifia Matongo njiani, na jora lake la nguo likaachwa mikononi mwa watu wa kambi, amana, mpaka msafara utakapotuma mtu. Ukaja mwaka wa njaa. Watu walikaa kikao, wakasema mwenyewe amekufa, wakalifungua, wakagawana. Kila aliyevaa nguo ile, alisema mzee, alianza kusikia mtu akihema nyuma yake. Ndiyo maana walihama.

"Basi nimebeba nini?" Tekla aliuliza. "Nguo ziliisha zamani."

"Sijui, Bibi Tekla. Najua tu kwamba mpagazi halipwi kwa kujua kilichomo. Hulipwa kwa kufikisha."

"Kufikisha wapi?"

Mzee aliinuka. Alimsindikiza mpaka nje, akampisha mlangoni kwa upana zaidi ya unaohitajiwa na mwili wa mwanamke mmoja.

Misimu ikapita. Kodi za fremu zililipwa, banda la nyasi likabomolewa, yakasimama madarasa ya matofali yenye bati na madawati, kisha nyumba ya walimu. Watu waliizoea hali ya Tekla kama wanavyozoea kilema cha jirani. Yeye mwenyewe alisema siku nyingine mzigo ulikuwa mwepesi. Ulikuwa mzito mtu alipoanza kuzungumzia kuuza fremu.

Na siku ya maneno hayo ilifika. Mwaka mmoja mvua ya mawe ilishuka tumbaku ikiwa bado shambani, ikayachana majani yote yakawa kama nyavu. Watu walirudi kwenye michembe ya viazi vikavu na mihogo. Hakuna aliyekufa kwa njaa, lakini kila nyumba ilikonda. Renatus alikwenda Tabora akarudi na habari kwamba kuna tajiri anayetaka kuzinunua fremu, fedha igawiwe kila kaya. Tusimwonee: Renatus hakuwa mwizi. Alikuwa na watoto wadogo na alikuwa amechoka kupita nyumba kwa nyumba bila la kuwaambia watu. Mzee Abdulnasser na Mwalimu Godbless wakasema Tekla akiridhia nao wataridhia. Basi kijiji kizima kikageuza macho kwake.

Wa kwanza kumjia alikuwa Julieth. Shamba lake na la mumewe Kulwa lilikuwa limeharibiwa lote. Alikaa jikoni kwa mama yake akizungumza mambo ya kawaida, halafu akasema lililomleta. Wakikosa msaada itabidi wahame wakawe vibarua kwenye mashamba ya watu. Hakuomba kitu kingine ila mama yake akubali kama wenzake. Tekla alimsikiliza, mkono umeshikilia hewa juu ya kichwa, jasho likimtiririka.

"Si mali yangu, mwanangu."

"Najua si yako. Ni yetu."

"Wala si yenu. Ni ya wanaokuja."

Julieth alimtazama kwa muda mrefu, akitazama ngata, kisha juu ya ngata. "Mama," alisema, "mimi ndiye niliyekuja. Nimekaa hapa mbele yako." Akainuka, akatoka. Wiki haikuisha walikuwa wamepakia vitu kwenye baiskeli na kwenda kupanda treni ya Urambo. Hakuja kuaga. Tekla aliwaona wakipita njia ya mbali, na alipotaka kuwakimbilia hakuweza, kwa kuwa mtu mwenye mzigo hakimbii.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule, alasiri. Watu walijaa mpaka kwenye madirisha ya madarasa. Renatus alizungumza vizuri, bila ukali, kisha akasogea alipokuwa amesimama Tekla.

"Shikamoo, Mama Julieth."

"Marahaba."

"Watu wamechoka. Nawe umechoka, kila mtu anakuona. Binti yako amekwenda. Tua, mama."

Wale waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba macho ya Tekla yalikuwa na machozi na kwamba midomo ilikuwa ikitaka kusema ndiyo.

"Mzigo wa mtu hautupwi njiani," alisema. "Ukiweza, nipokee."

Renatus aliwatazama watu, akatabasamu nusu, akapangusa viganja kwenye suruali. Akainua mikono juu ya kichwa cha Tekla kama mtu anayempokea mama yake mtungi. Mikono ikasimama hewani, mbali na pale alipokusudia kuisimamisha. Tabasamu likamtoka. Vidole vyake vilikunjika kwenye kitu, vikabadilika rangi, na mishipa ya shingo ikasimama. Hakuwa na pa kukiweka. Alikitwaa, akarudi nyuma akipepesuka, na kwa kuwa mikono ilikuwa ikimwishia nguvu alifanya afanyalo kila mtu: alikiweka kichwani.

Kivuli cha Tekla mchangani kilikuwa cha mwanamke mwembamba. Kivuli cha Renatus kilikuwa na kitu kirefu juu yake, kimefungwa kamba sehemu mbili, na mama mmoja aliyekuwa amekaa ndani ya kivuli hicho alimvuta mtoto wake, akasogea kwenye jua, akisugua mikono kama aliyetoka kwenye baridi.

"Humu mna nini?" Renatus aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sijui. Si langu kufungua, wala si lako."

Renatus alisimama hivyo, akihema. Alionekana kama anayesikiliza mtu anayesema karibu sana na sikio lake. Mwisho akasema, bila kumtazama mtu, kwamba fremu haziuzwi. Hakufunga mkutano. Watu waliinuka mmoja mmoja wakaenda zao, na aliyepita mbele yake alikunja mabega ili asimguse.

Tekla alivua ngata, akamvalisha yeye, akimwonyesha namna ya kukunja magoti penye mlango. Kisha akaenda nyumbani, na njiani alikuwa akiyumba kama mtu aliyeteremka treni baada ya safari ndefu. Utosi wake ulihisi baridi. Alitarajia furaha, lakini kilichomjia kilikuwa kama fedheha, kama aliyekutwa bila nguo. Kwa siku nyingi mkono wake ulikuwa ukipanda wenyewe, na kila ulipokosa kitu alishtuka.

Renatus aliiuza pikipiki, kwani haiendesheki kwa shingo ile. Alichaguliwa badala ya Tekla katika wadhamini, na hakutokea mkali kuliko yeye. Dalali aliyekuja mwaka uliofuata na mkoba wake aliondoka bila kupewa hata maji. Kwa walimu na watoto alikuwa mpole kupita awali. Lakini waliokwenda kukata fito walimkuta mara kadhaa, jua likiwa utosini, amesimama peke yake kwenye visiki vya mninga ambavyo sasa vimechipua, uso umeelekea magharibi. Walipomsalimu aliitikia, kisha akawauliza, kama mtu anayeuliza jambo la kawaida, iwapo wameiona njia.

Tekla alipopata nguvu alijaza asali kwenye dumu, akapanda treni kwenda Urambo. Alimkuta Julieth kwenye uwanja wa bani la tajiri mmoja, amekaa mkekani na wanawake wengine, wakifunga majani mabichi ya tumbaku kwenye vijiti kwa uzi. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa utomvu. Alimwamkia mama yake, akaendelea na kazi. Tekla akakaa pembeni.

Baada ya vijiti kadhaa Julieth aliuliza ni nani sasa anayezilinda zile fremu.

"Renatus."

Julieth aliacha uzi. "Fisi kapewa bucha," alisema, na kicheko kikamponyoka, wenzake nao wakacheka bila kujua habari. Kilipokwisha alibaki ameinamia majani. "Mama. Ingekuwa yako, ungenipa?"

"Ingekuwa yangu, usingemaliza kuomba."

Julieth alifunga kijiti kimoja, akakiweka, akafunga kingine. Kisha akajisogeza kwenye mkeka, ikapatikana nafasi, na kumsukumia mama yake fungu la majani. "Shika hilo," alisema. "Yakikaa sana yananyauka."

Walifanya kazi mpaka wanawake wengine walipoanza kukung'uta kanga zao. Jioni walikula ugali na kisamvu, Kulwa akasimulia habari za mashamba ya huko, na asali ikawekwa juu ya kabati bila kufunguliwa. Wakati wa kulala Julieth alimtandikia mama yake chumba cha mbele, shuka la maua, taulo limekunjwa juu ya mto, kama wanavyotandikiwa wageni. Tekla alielewa maana yake: amepokewa, lakini kama mgeni, bado si kama mama. Akamshukuru bintiye, akazima taa.